Dereva Aliyekuja Kutuuliza

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nyepesi, ya kubembeleza vumbi tu. Mchungaji amekuja dukani nikiwa natia vifungo kwenye sare za shule. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akasema, "Dada, umepata kazi."

Nikamwambia kazi ninayo, nimeikalia hapa tangu asubuhi. Akacheka.

Kumbe kanisa rafiki la ng'ambo, lile linaloandikiana na letu tangu enzi za mchungaji aliyemtangulia, linatuma mtu akae nasi msimu mzima wa mvua "tupange pamoja". Kupanga nini, Mchungaji hakufafanua, maana yeye mpango anao tayari: ramani ya ukumbi mpya imebandikwa ukutani ofisini kwake tangu mwaka juzi, na wenzetu wa huko wameshachangishana kwa ajili hiyo. Anachohitaji ni mkalimani. Mimi nilifanya kazi za ndani huko kwao miaka minne kabla sijaolewa. Lugha yao niliisikia zaidi ikinituma: leta, toa, piga pasi. Tutaona kama inajua kusema mengine.

Nimekubali. Sijui hata kwa nini. Labda nataka kuona tu.

Jumatano, 7 Oktoba

Mama ametia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Tumecheka wote wawili mpaka machozi. Mama huyu ni mamamkwe wangu. Tunakaa naye tangu alipostaafu, na mume wangu yuko kwenye ujenzi mji mwingine, hurudi mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mgeni amefika. Tulijiandaa kumpokea askofu, au angalau mtu mwenye kola nyeupe. Akashuka mama mmoja mpana, mwenye begi mgongoni na viatu vya kuzamia matope. Ameendesha basi la abiria mjini kwao miaka yake yote, sasa amestaafu. Kwaya ikaanza wimbo, naye akawa anapita akimpa mkono kila mtu, hata watoto wa mgongoni. Mchungaji akaninong'oneza, "Huyu ndiye mwenyewe, au anamtangulia mwenyewe?"

Ndiye mwenyewe. Kabla jua halijazama watoto walishampa jina: Dereva.

Jumapili, 11 Oktoba

Baada ya ibada, kikao cha kwanza. Dereva akasimama akauliza: mngependa maisha ya hapa yaweje mbele ya safari? Nikatafsiri. Kimya. Fundi Mbao, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akainuka: "Tunataka ukumbi."

Aliyefuata: ukumbi. Aliyefuata: ukumbi mkubwa. Ulimi wangu ulichoka kwa neno moja.

"Kwa nini ukumbi?" Dereva akauliza.

"Ili tuwe nao," akajibu Fundi Mbao. Watu wakacheka, Mchungaji hakucheka.

Njiani Dereva akaniuliza kama kweli wanautaka. Nikamwambia: mgeni akikuuliza unataka nini, unamtajia kile unachodhani amekibeba. Akasimama palepale kwenye manyunyu, akaniomba nirudie.

Sasa anataka apite nyumba kwa nyumba. Mchungaji amemruhusu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, halafu akaongeza kwa upole, "lakini mwambie ukumbi hautembei."

Alhamisi, 15 Oktoba

Siku ya tatu tunatembea. Dereva haulizi mnataka nini tena. Anauliza: jana ulifanya nini? Ukiugua, nani anakuletea maji? Wapi ungependa kwenda na huendi? Maswali ya mtu asiye na haraka. Mwanzoni niliona haya kuyatafsiri, kama vile nachungulia madirishani.

Lakini nimekaa mtaa huu miaka yote hii na leo ndiyo nimejua kwamba yule jirani mfuga kuku, ambaye kila alasiri tunamsikia akifoka ndani kwake, hafoki. Anamsomea mkewe. Mkewe haoni, na masikio nayo yameanza kugoma, kwa hiyo anapaza sauti. Mimi nilishamwita mume mkorofi. Nilishawahi hata kumwombea.

Ijumaa, 16 Oktoba

Tumefika kwa Mama Mkaa. Anauza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alitupokea nje, tukakaa juu ya magunia matupu. Dereva akamuuliza anaishi na nani.

"Peke yangu. Mume wangu alipopooza ndugu zake walikuja kumchukua, yuko kwa kaka yake."

Hilo tunalijua wote, ni mwaka sasa. Nikatafsiri. Kitu kimoja kilinisumbua baadaye: mlango wake ulikuwa na kufuli kwa nje, na yeye mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka hapo. Nani hufunga nyumba tupu naye yupo mlangoni?

Tukaishia kwangu. Lango letu nimelifunga kwa waya, nimeuzungusha vizuri. Dereva akauliza waya ni wa nini.

"Wezi," nikasema.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mvua kutwa. Nguo hazikauki. Nimeshona sketi sita, hakuna zaidi.

Jumatano, 21 Oktoba

Mama ameniita jina la wifi yangu tangu asubuhi. Mchana nimemkuta amevaa viatu na kitambaa cha kichwa, anang'ang'ana na waya. Anakwenda kupika uji wa wanafunzi. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na shule hiyo iko safari ya siku nzima kutoka hapa.

Nikamwambia, "Mama, shule imefungwa."

"Nani kaifunga bila kuniambia?"

Mume wangu kwenye simu: "Ni umri tu." Nikasema ndiyo, ni umri. Tukaongea habari za saruji.

Jumapili, 25 Oktoba

Kikao kingine. Mchungaji kabandua ramani ukutani akaja nayo kanisani. Halmashauri ya wenzetu inataka neno la mwisho kabla mvua hazijaisha. "Wenzetu walitoa kwa ajili ya ukumbi," akasema. "Tukibadili maneno leo, tutaonekana watu tusiojua tunachotaka."

Mimi naona anataka jina lake kwenye jiwe la msingi. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza.

Alhamisi, 29 Oktoba

Dereva amekunywa chai kwangu. (Sukari nimetia mwenyewe.) Anasema kwao kituo cha basi kilichorwa na watu wa ofisini, nguzo ikachimbiwa, lakini abiria wakawa wanasubiri mbele kidogo, kwenye kivuli cha ukuta. Madereva wenzake walikuwa wanawapita na kuwalaumu. Yeye alikuwa anasimama ukutani.

"Ulipewa onyo?" nikamuuliza.

"Mara nyingi," akasema, na alionekana kujivunia kila moja.

Mama alimpenda. Alimshika shavu akamuuliza kama ameshakula, kisha akamuuliza tena, na tena. Dereva akajibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Akanitazama. Nikainuka kuosha vikombe.

Jumanne, 3 Novemba

Nataka niandike yote leo kabla sijaanza kuyapamba.

Tulikuwa kanisani alasiri, kikao cha wawakilishi wa mitaa. Mama Mkaa alikuwepo. Dereva alimbembeleza wiki nzima. Mvua ikaja na ghadhabu, mabati yakawa yanapiga kelele hata nisiweze kutafsiri. Tukakaa tu tunatazamana. Kisha mtu akaingia amelowa chapachapa akasema mtaro wa upande wa chini umepasuka.

Mama Mkaa aliinuka bila neno akatoka mbio, viatu kaviacha chini ya benchi.

"Mkaa wake!" akasema Fundi Mbao, na wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Tukatoka kumfuata tukaokoe magunia.

Tulimkuta mlangoni kwake, maji magotini, anapapasa kufuli. Magunia yalikuwa yanaelea yanampita huku na huku na wala hakuyatazama. Ufunguo ukamponyoka ukazama. Akainama akaanza kuchimba matope kwa mikono yote miwili.

Mchungaji akamshika bega. "Mama, achana na mlango, tushike magunia."

Akageuka. Sijawahi kuona uso ule. "Yumo!"

"Nani?"

"Mume wangu! Yumo ndani!"

Hapo kila mmoja wetu aligeuka jiwe, isipokuwa Mchungaji. Alikuwa na suti yake ya vikao. Alirudi nyuma akaupiga mlango teke, ukagoma; akaupiga tena, safari hii Fundi Mbao akiwa ubavuni mwake, bawaba zikang'oka.

Mume wa Mama Mkaa alikuwa kitandani, maji yamefika kwenye godoro. Kwa mkono wake mmoja ulio mzima alikuwa ameshika nondo ya dirisha. Hakupiga kelele; ugonjwa ulichukua sauti pamoja na nusu ya mwili. Macho yake yalipita usoni kwa kila mmoja wetu mpaka yakampata mkewe, yakatulia.

Na hiki ndicho kisichonitoka kichwani: alikuwa amenyolewa ndevu vizuri. Kucha safi. Shati limepigwa pasi. Mwaka mzima mtu asiyekuwepo alikuwa anavaa shati lililopigwa pasi.

Mchungaji alimbeba mgongoni mpaka kanisani.

Nami nilipokuwa nimesimama pale kwenye maji nilikumbuka lango langu. Nikakimbia. Mama alikuwa salama, upande wetu ni wa juu. Alikuwa amekaa chini langoni, ameshika waya kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

Jumatano, 4 Novemba

Mtaa unachemka. Wapo wanaomwita Mama Mkaa mwongo. "Katuchezea mwaka mzima," anasema Fundi Mbao, ambaye bega bado linamuuma kwa ajili yake.

Dereva akaniuliza: kwa nini alificha? Nikaona nikamuulize mwenyewe, bila mgeni. Nilimkuta vestri, kile chumba cha kanisa cha kuvalia majoho, anamlisha mumewe kwa kijiko.

"Ningesema, mngefanya nini?" akaniambia, taratibu, wala hakuwa na hasira. "Mngekuja siku mbili tatu na sufuria za chakula. Baada ya hapo mngeanza kuniuliza, mbona unauza mkaa badala ya kumtunza mume? Nikienda kuuza, nimemtelekeza. Nikibaki, tunalala njaa. Nikaona afadhali asiwepo."

Akamfuta mumewe kidevu. "Mara ya kwanza kufunga lile kufuli nilitapika. Baadaye nikazoea. Hilo ndilo baya zaidi, jirani. Unazoea."

Jumamosi, 7 Novemba

Mvua. Mama hajalala vizuri. Mimi pia.

Jumapili, 8 Novemba

Watu walijaa kuliko siku ya mgeni kufika. Mchungaji alifungua kwa sala fupi akakaa, ramani hakuja nayo. Dereva akasimama. Swali lake lilikuwa moja, nikalitafsiri:

"Ni nani mwingine ana mlango kama ule?"

Kimya. Lakini hakikuwa kile kimya cha siku ya kwanza. Kile kilikuwa kitupu.

Mfuga kuku ndiye aliyeanza. Si wa kanisa letu hata kidogo, alikuja kwa sababu aliulizwa. "Mimi sifungi mlango," akasema kwa sauti yake ileile ya kusomea. "Lakini sitoki. Mke wangu akibaki peke yake anaogopa. Nilikuwa fundi redio. Sasa nafuga kuku kwa sababu kuku wanafugwa nyumbani."

Nikatafsiri. Akainuka binti mmoja wa kwaya: kaka yake ana kifafa, mama yao hajaingia kanisani miaka, sisi tulisema amepoa kiimani. Nikatafsiri. Akainuka mwingine. Kila mmoja namgeuzia maneno, nayapokea huku nayatoa kule, kazi ya bomba, maji hupita bomba likabaki kavu.

Kisha nikafungua kinywa kutafsiri na yakatoka mengine. Nilisema waya wa lango langu si wa wezi. Nilisema Mama anapotea. Mwezi uliopita nilimkuta barabara kuu anauliza njia ya kwenda jikoni kwake kwa zamani. Nilisema nikienda kununua uzi nakimbia kama mwizi. Nilisema Mama alilisha shule nzima, na mimi namfungia kama mbuzi. Sijui nilisema kwa muda gani.

Nilipomaliza nilimwona Dereva ananitazama, anasubiri. Nilikuwa nimesema yote kwa Kiswahili, na mkalimani ndiye mimi. Sikuwa na nguvu ya kuyarudia.

Ndipo nikasikia lugha ile ikitoka nyuma yangu, polepole, imejaa vigingi, vitenzi vimekaa kwingine kabisa. Ilikuwa sauti ya Mchungaji. Alikuwa anamweleza Dereva neno kwa neno: waya, mama, jikoni. Mwisho akasema, "Naye amechoka sana."

Sikusema nimechoka. Kaongeza mwenyewe. Wala hakukosea.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimemuuliza Mchungaji lugha alijifunzia wapi. Redioni, anasema, na kwenye vitabu vya watoto, kidogo kidogo tangu achaguliwe. "Naona haya kuisema. Wakinisikia wataniona mjinga."

"Na ukumbi?"

Akakuna kidevu. "Wageni wanapiga picha, dada. Nyumba hupigwa picha. Ningewapa nini kingine cha kuonyesha kwao?"

Si jiwe la msingi basi. Nilimkosea. Sikumwambia.

Alhamisi, 12 Novemba

Maiti haulizwi sanda, lakini walio hai huulizwa: Dereva kaomba wanaotunza wagonjwa ndio wapange, wengine wasikilize. Kinachotakiwa ni chumba cha mchana, karibu, chenye viti vya mikono na choo chenye vishikio. Watu wawili wa zamu, mmoja mwanamume mmoja mwanamke. Mtu anamleta mtu wake, anakwenda kazini, anarudi kumchukua. Hayo tu. Mwaka juzi tulichora ukumbi wa ghorofa, na hakuna aliyefikiria hili.

Ubishi mkali ulikuwa juu ya nani aruhusiwe. Mzee mmoja wa kanisa akasema tuanze na washirika wetu. Mama Mkaa, aliyekuwa hajatamka neno, akauliza, "Kupooza kuna dhehebu?" Hoja ikaishia hapo.

Jumanne, 17 Novemba

Simu na halmashauri ya ng'ambo, sote tumeizunguka meza ya ofisini. Mwenyekiti wao ana sauti ya mtu mwema aliyebanwa. Watu wao walitoa kwa ajili ya ukumbi, anasema, mchoro umetundikwa kanisani kwao pia, atawaambia nini?

Mchungaji akaniashiria nisitafsiri. Akasema mwenyewe, kwa vigingi vyake vyote: "Mlituuliza mjenge nini, tukawajibu ukumbi. Mngetuuliza tunaishije, tungewajibu hivi. Kosa ni letu sote."

Mwenyekiti akasema lazima warudi kuwauliza waumini wao.

"Waulizeni," akasema Mchungaji. "Sisi tunaanza."

Simu ilipokatika akakaa chini akajifuta jasho. "Nimesemaje?" akaniuliza.

"Umesema 'kosa ni la ng'ombe wote'," nikamwambia. "Lakini wameelewa."

Ijumaa, 20 Novemba

Stoo ya viti vya kanisa, ndiyo itakuwa chumba chetu, imetolewa kila kitu. Panya walihama kwa malalamiko. Fundi Mbao anatengeneza vishikio vya choo. Kamwomba Mama Mkaa amwonyeshe mumewe hushika urefu gani. Wamepima wote wawili. Hakuomba msamaha kwa maneno, ila vishikio kavipiga msasa mara mbili.

Jumapili, 29 Novemba

Dereva anaondoka kesho. Kikao cha mwisho. Mfuga kuku akanyoosha mkono: "Yeye ametuuliza msimu mzima. Sisi hatujamuuliza kitu. Kwao, nani anakaa na wazee?"

Nikatafsiri. Dereva akavuta kiti akakaa, ndipo akajibu. Mama yake yupo, mzee sana, kwenye nyumba nzuri yenye wauguzi. Humtembelea Jumapili. Safari hii amekosa Jumapili nyingi. Kanisani kwao wengi ni wazee wanaoishi peke yao, kila mmoja na mlango wake, na wanaufunga wenyewe kwa ndani. Msimu huu mmoja alifariki akakutwa baada ya siku kadhaa. "Tumezoea kuwauliza nyinyi mnakosa nini," akasema. "Hatujawahi kuulizwa."

Wanawake wakamzunguka. Sikuwa na cha kutafsiri tena.

Alhamisi, 3 Desemba

Ujumbe wa mwenyekiti wao. Waumini wameulizwa. Wapo walioudhika na wanataka walichotoa kiende kwingine. Wapo waliosema kifanye kazi popote watu wa hapa wanapoona. Bado wanabishana. Lakini wameafikiana jambo moja: wanaomba mwakani tuwapelekee watu wawili. Wameandika wazi, si kwa ajili ya kuimba. Kwa ajili ya kuuliza.

Mchungaji kausoma mara tatu. Kisha kaniuliza "ng'ombe" inatamkwaje hasa, asirudie.

Jumatatu, 7 Desemba

Leo chumba kimefunguliwa. Mvua imetupa nafasi, manyunyu tu.

Nilimpeleka Mama nimemshika mkono, naomba Mungu asilie, nisilie. Alisimama mlangoni akatazama viti, akatazama watu walioketi, akavua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni. "Hawa hawajanywa uji," akasema. Kabla wenye zamu hawajajua nini kinaendelea alishawapanga kwa foleni, hata wasioweza kusimama. Mume wa Mama Mkaa alipochelewesha kijiko alimwambia, "Kunywa, baba, wenzako wanasubiri." Akanywa.

Nikarudi dukani. Nilikaa kwenye cherehani nikasahau kuikanyaga.

Mama Mkaa hakuweza kutulia. Nilimwona akipita kwenda kumchungulia mumewe, akarudi, akapita tena. Safari ya mwisho alirudi mwendo wa pole, akaingia dukani kwangu akakaa.

"Kanifukuza," akasema.

"Nani?"

"Mume wangu. Kaniona mlangoni, kanipungia mkono ule mzima, hivi, kama unavyofukuza kuku. Niende zangu." Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, hajui afute yapi. Kisha akatazama vitambaa vilivyoning'inia ukutani, akashika kimoja chenye maua madogo, akakiachia, akakishika tena.

"Tangu augue sijashona nguo," akasema.

Nikachukua tepu shingoni kwangu.

"Simama wima," nikamwambia. "Nyoosha mikono."